Nakopa Ili Nitoe Zaka, na Mume Wangu Hajui Yote

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mke na mama wa watoto wawili, nimeajiriwa, na nimeokoka tangu nikiwa msichana. Nimefika mahali ambapo kila nikipiga magoti, kinachonijia kichwani ni tarehe za marejesho.

Tangu mshahara wangu wa kwanza natoa zaka, fungu la kumi la mshahara ghafi, kabla ya makato yoyote. Ndivyo nilivyolelewa. Sitataja mshahara wangu, ila nitauhesabu kama mia. Ukiwa 100, kazini wanakata 20, naondoka na 80. Mume wangu analipa kodi ya nyumba, maji na umeme. Mimi nabeba chakula na nauli 34, ada za watoto 12, rejesho la mkopo wa ushirika wa akiba kazini 12, zaka 10, ahadi ya ujenzi wa kanisa 5, na marejesho ya mikopo ya simu 19. Ukijumlisha ni 92. Hiyo 12 inayopungua naikopa tena kwenye simu. Mikopo ya simu iko mitatu, jumla nadaiwa 45. Ukikopa wanakata asilimia 10 palepale, na siku 30 zikiisha hujalipa, unatoa asilimia 10 nyingine ya kinachobaki ili wakuongezee muda.

Miwili kati ya hiyo mitatu niliichukua kwa ajili ya ahadi. Tuliitwa mbele, nikasimama na wenzangu, nikataja kiasi. Mweka hazina huweka orodha kwenye kundi la kanisa la simu: waliokamilisha juu, ambao bado chini. Nilipoliona jina langu chini nilikopa usiku uleule.

Mwezi uliopita mkopeshaji mmoja alimpigia wifi yangu. Namba waliichukua kwenye simu yangu. Wifi akamwambia kaka yake. Mume wangu alipouliza nilisema nilikopa kwa ajili ya ada. Anajua mkopo huo mmoja tu. Yeye ni mkristo lakini amepoa, siku nyingi anasema kanisa linanikamua. Safari hii amesema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Acha zaka mpaka tumalize madeni. Mungu hana njaa."

Naogopa. Malaki 3 inasema wasiotoa zaka wanamwibia Mungu. Shangazi yangu, aliyenilea kiimani, amenikumbusha mjane wa Sarepta aliyempa nabii kwanza na unga haukuisha. Mwaka juzi niliwahi kuruka mwezi mmoja, na mwezi huohuo mtoto wangu mdogo akalazwa. Sijaruka tena.

Je, niache zaka mpaka madeni yaishe? Nikiacha, nitakuwa nimejifungulia mlango wa laana? Na mume wangu, nimwambie yote?

Ni mimi,
Niliyebanwa Katikati

Jibu

Amina, dada yangu, asifiwe milele. Umefanya vizuri kuandika hesabu nzima. Wengi huandika "nina madeni" na kuishia hapo, na mtu akificha namba hakuna tunachoweza kumfanyia zaidi ya kumwombea.

Barua yako ina mambo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja: zaka, deni na siri. Umeuliza sana juu ya zaka, siri umeiweka mwishoni, na deni umelitaja kana kwamba ni mzigo tu wa kubebwa. Niruhusu nibadilishe mpangilio. Lakini kabla ya yote hayo, mtoto.

Uliruka zaka mwezi mmoja, mtoto akalazwa, na tangu hapo mambo hayo mawili hujayatenganisha. Jiulize kwa utulivu: katika miaka yote uliyotoa bila kukosa, hakuna mtoto aliyeugua? Wanafunzi walipomwona kipofu katika Yohana 9 waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana akakataa swali lenyewe. Katika Luka 13 alikataa tena, kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Sisemi dhamiri yako haina neno la kukuambia. Nasema hofu ya kuadhibiwa kupitia mtoto huenda ndiyo inayotoa zaka yako kwa sasa, na unastahili kujua hivyo kabla hujaamua lolote, iwe kutoa au kuacha.

Sasa deni. Mwanzo wa mwezi unadaiwa 45. Unalipa 19. Humo, 4.5 ni ya kuongezewa muda, na 14.5 ndiyo inayopunguza deni, hivyo linabaki 30.5. Kisha unakopa kuziba pengo la 12. Kwa kuwa wanakata mbele, ili uipate 12 mkononi unaandikiwa 13.3. Mwezi unaisha unadaiwa 43.8. Umetoa 19, na deni limeshuka kwa 1.2. Ndiyo maana unahisi unalipa kila siku na humalizi. Hujakosea kuhisi hivyo.

Halafu fanya jambo lingine: futa mikopo ya simu kwenye orodha, acha vingine vyote kama vilivyo. Chakula na nauli, ada, ushirika, zaka kamili ya mshahara ghafi, hata ahadi, jumla ni 73. Una 80. Mshahara wako, dada yangu, unaitosha zaka yako. Umekuwa ukidhani unachagua kati ya Mungu na mkopeshaji kwa maisha yako yote, kumbe tunazungumzia kipindi kifupi cha kuvuka. Urefu wa kipindi hicho unategemea njia utakayopita.

Ukisimamisha zaka na ahadi zote na usikope tena, unabaki na 22 ya kulipa simu. Deni linakwisha mwezi wa tatu, na wakopeshaji wanakula kama 8 za gharama. Hata ukitenga 2 kila mwezi kwa dharura na kulipa 20, bado unamaliza mwezi wa tatu. Hatari yake haiko kwenye hesabu. Iko kwenye mazoea: anayeacha "kwa muda" bila kuandika tarehe ya kurudi, fedha ile hupata kazi nyingine, na mwaka unapita. Ya pili, kwa mtu mwenye moyo kama wako, ni kwamba Jumapili ya tatu bila bahasha unaweza kushindwa kuvumilia ukakopa kwa siri utoe. Hapo utakuwa umerudi nyuma kuliko ulipoanzia.

Ukisimamisha ahadi tu na kuendelea na zaka kamili, unabaki na 12 ya kulipa simu. Unamaliza mwezi wa tano, na gharama inapanda kufika 14 hivi. Kwa maneno mengine, kushika zaka kamili kunakugharimu miezi miwili zaidi na 6 ya ziada inayokwenda kwa mkopeshaji. Kuna watakaosema hiyo ni imani, na kuna watakaosema ni upotevu. Wewe ndiye utakayeipima. Ila angalia jambo moja: njia hii haiachi hata senti ya dharura. Homa moja, au nauli ikipanda, na unarudi kwenye simu. Pia lazima mkopeshaji akubali kupokea 12 badala ya 19, kwa hiyo unazungumza naye kabla ya tarehe, si baada ya kuchelewa, na unaomba jibu lake kwa maandishi.

Kuna ya katikati ambayo watu hawaifikirii kwa sababu tumezoea kuona zaka ni kumi au sifuri. Ukitoa 3 kila mwezi na kulipa 19, deni linakwisha mwezi uleule wa tatu, sawa na yule asiyetoa kabisa. Tofauti ya gharama haifiki 1. Wengine watakuambia 3 si zaka, na kwa hesabu ni kweli. Lakini mkono unakuwa haujafungwa.

Na kuna ushirika wako wa akiba. Uliza kama unaweza kuongezewa mkopo wa 45 ili ufute simu zote siku moja. Ikiwa riba yao ni asilimia 1 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, kwa miezi 12 utalipa kama 4 kila mwezi, na riba yote haizidi 3. Ahadi ikiwa imesimama, ungebaki na zaka kamili na 8 ya kupumua. Lakini uliza neno kwa neno: riba inahesabiwa kwenye salio au kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho? Kuna ada ya maombi? Bima? Kisha fikiria wadhamini. Ukishindwa, ni akiba yao inayoshikwa, na hao ni wafanyakazi wenzako wenye watoto pia. Wanastahili kujua wanadhamini nini. Njia hii huharibika mara nyingi mahali pamoja: mtu analipa simu zote, siku ya pili anapata ujumbe kwamba kiwango chake kimepandishwa, anakopa kidogo tu, na mwezi wa sita anadaiwa pande zote mbili. Kwa hiyo ukilipa, omba uthibitisho wa maandishi kwamba salio ni sifuri, omba akaunti ifungwe, ndipo uondoe programu. Kuiondoa programu kabla ya kulipa hakufuti deni. Leo hii ingia kwenye mipangilio ya simu uzime ruhusa ya programu hizo kusoma majina na namba zako. Walizokwisha kuzichukua hazitarudi, lakini hawatachukua mpya. Na ujumbe wote wa vitisho uutunze: nchi nyingi zina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na kumpigia wifi asiyedaiwa ni jambo la kulalamikia rasmi kwa mamlaka husika.

Nije kwenye Maandiko, maana najua hesabu peke yake haitakutuliza.

Malaki alisema na watu waliokuwa na mavuno na kuyazuia. Ghala lilikuwa tupu, na katika Nehemia 13:10 tunasoma jambo la aina hiyohiyo: Walawi waliacha huduma wakakimbilia mashambani kwa sababu hawakupewa sehemu yao. Neno hilo ni zito, sitalipunguza. Lakini sura hiyohiyo, aya ya 5, kabla ya zaka kutajwa, inawahukumu wanaomdhulumu kibarua, mjane na yatima. Na zaka ya Torati ilitoka kwenye mazao ya nchi na mifugo, Walawi 27:30-32, yaani kwenye kilichokuwa kimepatikana tayari. Sioni mahali Maandiko yanapomwambia mtu akope kwa riba ili atoe fungu la kumi. Paulo aliwaandikia Wakorintho, 2 Wakorintho 8:12, kwamba nia ikiwapo hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Zaka ya mwezi uliopita, dada yangu, kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye usivyo navyo.

Ghafi au ya mkononi? Waumini waaminifu wako pande zote mbili, na mwandishi wa Torati hakuwa na hati ya mshahara mbele yake. Ukihesabu ya mkononi zaka yako ni 8. Hata umri wa kanuni yenyewe si kama tunavyodhani: Yustino Shahidi, akieleza ibada ya Wakristo katika karne ya 2, anasema wenye uwezo na nia walitoa kila mmoja kama alivyotaka, na fedha hizo zikawasaidia yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Sinodi ya Mâcon, yaani mkutano wa maaskofu katika Ufaransa ya leo, ndiyo iliyoamuru zaka kwa tishio la kutengwa na kanisa, mwaka 585. Simaanishi kwamba zaka haina msingi. Kanisa lako huenda linaifundisha kwa uzito, na uliahidi kuliheshimu. Namaanisha kwamba Wakristo waliompenda Mungu kwa dhati wameishika kwa namna zaidi ya moja.

Shangazi yako amekukumbusha mjane wa Sarepta, wa 1 Wafalme 17, na amesema kweli: Eliya aliomba kwanza mkate mdogo. Weka kando yake mjane wa pili, wa 2 Wafalme 4. Huyu alidaiwa, na mwenye kumwia alikuwa anakuja kuchukua watoto wake. Mafuta yalipoongezeka, Elisha hakuomba kwanza sehemu yake. Alimwambia auze, alipe deni, kisha aishi na wanawe kwa yaliyosalia. Wajane wawili, manabii wawili, Mungu mmoja. Tena wa Sarepta alitoa unga uliokuwa ndani ya pipa lake, hakwenda kuukopa. Soma sura zote mbili na shangazi yako siku moja, bila kubishana. Huenda hata yeye hajawahi kuziweka pamoja.

Na mume wako aliposema Mungu hana njaa, sijui kama alijua, lakini Zaburi 50:12 inasema karibu hivyohivyo.

Ahadi ya ujenzi ni jambo tofauti na zaka, usiyachanganye. Nadhiri ni nzito. Mhubiri 5 inaonya tusikawie kuiondoa. Hata hivyo Walawi 27:8 ina mlango ambao watu wachache huuonyeshwa: aliyeweka nadhiri akiwa maskini kuliko hesabu aliyopangiwa, alisimamishwa mbele ya kuhani, na kuhani akamhesabia upya kwa kadiri ya uwezo wake. Una haki ya kwenda kwa mchungaji, si kwa mweka hazina, si kwenye kundi, ukasema: "Niliahidi kiasi hiki, nimelipa kiasi hiki, nilikopa ili nilipe, naomba nisimame hadi mwezi fulani au nipunguziwe." Mwandikie mwezi kwenye karatasi. Omba pia jina lako litolewe kwenye orodha ya kundi. Huhitaji kutoa sababu mbele ya wote. Inawezekana mchungaji akakuelewa, na inawezekana akakukemea. Akikukemea, utakuwa umejifunza jambo kuhusu mahali unapochungwa, na hilo linaweza kuuma kwa muda mrefu kuliko deni. Ujiandae kwa yote mawili. Nakuambia wazi, orodha ile inanihuzunisha. 2 Wakorintho 9:7 inasema si kwa huzuni wala si kwa lazima, na jina chini ya mstari mbele ya washirika wote ni lazima, hata kama aliyeiandika hakukusudia ubaya.

Sasa siri. Hapa ndipo nakaa nawe kwa muda, kwa sababu nadhani ndipo barua yako inapouma. Ulimwambia mume wako ni ada. Yeye anatoa shauri lake kwa hesabu isiyo ya kweli: anadhani watoto wamewaingiza kwenye deni. Njia zote nilizokuonyesha zinavunjika akipokea simu ya mkopeshaji wa pili wiki ijayo. Na kumwambia nusu ni hatari kuliko unavyodhani, maana nusu iliyobaki ikijulikana, hatakuamini hata kwenye ile uliyosema.

Ukiamua kumwambia, usimwambie usiku mkiwa mmechoka, wala baada ya ugomvi, wala asubuhi ya Jumapili. Andika kwenye karatasi moja mikopo yote minne, wa ushirika ukiwamo: anayedai, kiasi kilichobaki, gharama kwa mwezi, tarehe, na sababu ya kukopa. Anza na jumla, si na maelezo. Kisha sema lile la ada kwa sentensi moja: "Nilikudanganya, haikuwa ada, ilikuwa ahadi ya kanisa." Usiilinde kwa aya ya Biblia, aya ikija hapo itasikika kama ngao. Mpe karatasi, umwache aisome. Anaweza kukasirika. Anaweza kusema ndivyo alivyojua siku zote kuhusu kanisa, na akataka uache kwenda kabisa. Hapo unaweza kutenganisha: fedha tupange pamoja, ibada yangu naomba uniachie. Anaweza pia kukushangaza, maana mtu aliyesema kwa upole baada ya dada yake kupigiwa simu na wadai hajafunga mlango. Lakini ikiwa kuna lolote ambalo hukuandika, ikiwa unahofia usalama wako akijua, basi usikae naye peke yako. Tafuta kwanza mtu mzima mnayemheshimu wote wawili awepo.

Yapo mambo ya kutoa ambayo hayapiti kwenye mshahara, na miezi hii mitatu au mitano si lazima iwe mitupu. Jumamosi moja kwa mgonjwa wa kanisani, saa mbili za kuwasaidia watoto wa kanisa masomo. Sisemi hayo yanachukua nafasi ya zaka. Nasema dhamiri inayoogopa kukaa mikono mitupu inaweza kupewa kazi wakati mikono inalipa madeni.

Usiamue juu ya asilimia kabla karatasi ile haijasomwa na nyote wawili. Huenda yeye ana fedha kidogo, au nafasi kwenye kodi na umeme, ambayo hesabu yangu haikuiona, na njia ya miezi mitano ikawa ya miwili. Gharama za wakopeshaji wako zikiwa tofauti na hizi, au ushirika ukikupa masharti mengine, tuandikie namba mpya, tutapiga hesabu upya pamoja.